Padre Mgeni Aliyepita Malindi Mwaka 1542

Wasomaji wa pwani, na hata wale wa bara waliopata kwenda Malindi kwa kazi au kwa matembezi, bila shaka wanaujua mtaa wa Shella. Ndio mtaa wa kale wa mji ule, wenye msikiti wa Ijumaa na yale makaburi mawili ya nguzo ambayo wajuzi wa mambo ya kale huyahesabu kuwa ya karne ya 15. Karibu na pwani, si mbali na njia iendayo kwenye rasi iliyosimama nguzo ya Vasco da Gama, liko kanisa dogo sana lililoezekwa kwa makuti na kuzungukwa na makaburi. Ni kazi ya Wareno wa karne ya 16. Ukiwauliza watu habari zake, hawakawii kukutajia jina la padre mmoja mgeni, Francis Xavier, aliyeshuka Malindi mwaka 1542 na kumzika baharia mwenzake katika ardhi ya mji huo.

Wengi wanajua hilo tu, kwamba alipita. Lakini mtu yule alikuwa mwandishi wa barua, na barua zake nyingi zimehifadhiwa mpaka leo. Kwa hiyo twaweza kujua siku zake zilikwendaje huko ugenini: asubuhi alifanya nini, Jumapili alikwenda wapi, nani alimsumbua, na nani alimshukuru. Nami naona habari hizo zafaa kusomwa na kila mtu aliyepata kuhamishwa kazi akapelekwa mbali na kwao, awe mwalimu, karani, mganga au baharia, wala si kwa Wakristo peke yao.

Francis Xavier alizaliwa tarehe 7 Aprili, 1506, katika ngome ya wazee wake huko Navarre, nchi ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Mwaka 1525 alikwenda Paris kusoma katika chuo kikuu, na huko akakaa chumba kimoja na kijana aliyeitwa Pierre Favre. Baadaye wakaongezewa mwenzao wa tatu, mtu mzima kuliko wao, aliyekuwa askari zamani na sasa akichechemea kwa jeraha la vita. Huyo ndiye Ignatius wa Loyola. Xavier hakumpenda upesi. Alikuwa na tamaa zake za kupata cheo na heshima, na maneno ya yule mchechemeaji yalimkera. Hata hivyo mwaka 1534 walikuwa wamekwisha kuwa ndugu, wakaweka nadhiri pamoja na wenzao wachache juu ya kilima cha Montmartre, na hapo ndipo ulipoanza ushirika wa mapadre Wajesuiti, uliokubaliwa na Papa mwaka 1540.

Mwaka huo huo mfalme wa Ureno aliomba mapadre wa kwenda Bara Hindi. Xavier hakuwa katika waliochaguliwa. Mmoja wa waliochaguliwa aliugua, na safari ilikuwa karibu. Ignatius akamwita Xavier, naye akakubali, akafunga vitu vyake vichache akaondoka Roma. Hawakuonana tena maishani mwao.

Akapanda merikebu Lisbon tarehe 7 Aprili, 1541, siku ile ile aliyotimiza miaka 35. (Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kijana ni mtu ambaye hajafika miaka 35, hivyo kwa hesabu ya Kenya bwana huyu aliacha ujana wake gatini Lisbon. Lakini katika kazi aliyokuwa akiiendea alikuwa mwanafunzi kabisa.) Yasimuliwa kwamba bwana mmoja mkubwa wa serikali alimshauri achukue mtumishi wa kumfulia na kumpikia, kwani mjumbe wa Papa hafai kuonekana akifua nguo mbele ya watu. Xavier akakataa. Akasema kuwa heshima ya namna hiyo ndiyo iliyoliharibu Kanisa, na kwamba atafua na kupika mwenyewe.

Safari ilikuwa mbaya. Kwa miezi miwili alitapika kwa kuchafukwa na bahari, na katika pwani ya Guinea merikebu ililala siku nyingi bila upepo. Walipofika Kisiwa cha Msumbiji pepo za kuwavusha hadi Bara Hindi zilikuwa zimekwisha pita. Wenzetu wa majahazi hawahitaji kuelezwa jambo hili: mwenye kukosa majira ya kusi hana budi kungoja. Wakangoja miezi 6. Watu wengi walikuwa wagonjwa na wengi walikufa. Xavier na wenzake wawili walikaa hospitalini wakiwauguza, hata yeye mwenyewe akashikwa na homa kali, akatolewa damu mara nyingi kama ilivyokuwa desturi ya waganga wa wakati ule. Barua aliyoiandikia Roma tarehe 1 Januari, 1542, aliiandika katika ugonjwa huo. Haina manung'uniko. Yasema kwamba angependa kuandika zaidi lakini mwili haukumruhusu.

Mwanzoni mwa mwaka huo gavana mpya wa Bara Hindi, Martim Afonso de Sousa, aliamua kutangulia, akamchukua Xavier. Wale wenzake wawili waliachwa kisiwani pamoja na wagonjwa. Ndipo merikebu ikaja Malindi.

Malindi ya wakati huo ulikuwa mji wa rafiki. Tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, wafalme wa Malindi walikuwa wamefungamana na Wareno, hali Mombasa ilikuwa adui yao. Kwa hiyo mfalme alimlaki gavana kwa urafiki, na wasafiri wakashuka pwani bila hofu. Xavier aliukuta msalaba mkubwa wa jiwe ambao Wareno walikuwa wameusimamisha karibu na mji, umepakwa dhahabu. Aandika kwamba kuuona kulimpa faraja kubwa sana, ukisimama peke yake kati ya watu wa dini nyingine. Mtu aliyekaa mbali na kwao aelewa faraja hiyo. Kitu kidogo cha nyumbani, kikionekana ghafula katika nchi ngeni, chaweza kumtoa mtu machozi.

Kisha mtu mmoja wa merikebu akafa. Hatukuachiwa jina lake. Alizikwa pwani, Xavier akasoma sala za maiti, na Waislamu wa Malindi wakaja wakaona mazishi. Padre aandika kwamba walipendezwa na namna Wakristo wanavyozika wafu wao. Hapa mimi naona neno ambalo yeye hakuliandika wazi: kwamba mji wa Kiislamu ulimpa mgeni wa dini nyingine mahali pa kulala, wala haukumnyima heshima ya mwisho. Kuzika ni jambo zito katika pwani yetu. Watu wa Malindi hawakuona fedheha kusimama kando ya kaburi la mtu wasiyemjua.

Siku hizo hizo mzee mmoja mwenye cheo katika mji alimwendea Xavier akamwuliza swali. Alitaka kujua kama huko Ulaya watu wanahudhuria makanisa yao na kusali kwa bidii, kwani yeye alikuwa na huzuni: ucha Mungu katika mji wake ulikuwa umepoa. Katika misikiti 17, alisema, ni 3 tu iliyokuwa ikisaliwa, tena na watu wachache. Alishangaa sababu yake nini. Wakazungumza kwa muda mrefu. Xavier alimpa sababu kwa mujibu wa imani yake, mzee hakuikubali, na mwisho, aandika padre, kila mmoja akabaki na rai yake.

Nimelifikiri sana zungumzo hili. Waandishi wengi hulitaja ili kuonyesha nani alishinda, na mimi sioni kwamba kulikuwa na mashindano. Naona wazee wawili wa dini, mmoja mwenyeji na mmoja mpitaji, wakiulizana jambo linalomwuma kila kiongozi wa dini hata leo: mbona watu hawaji? Leo ukisimama Shella saa ya adhana huwezi kusema kwamba misikiti imeachwa. Huenda yule mzee angefarijika.

Basi merikebu ikatweka tena, ikapita Sokotra, na tarehe 6 Mei, 1542, ikatia nanga Goa, mji mkuu wa Wareno katika Bara Hindi. Barua iliyotupa habari za Malindi iliandikwa huko tarehe 20 Septemba mwaka huo, na ndani yake Xavier aeleza juma lake lilivyokuwa.

Gavana alitaka kumpa nyumba. Yeye akaenda kukaa hospitalini. Asubuhi aliwasikiliza wagonjwa maungamo yao na kuwapa sakramenti, kisha wakaja wazima nao wakitaka vivyo hivyo, hata akasema kwamba lau angaliweza kuwa mahali kumi kwa wakati mmoja asingalikosa kazi katika hata pamoja. Mchana alikwenda magerezani. Kutoka huko alirudi kwenye kanisa dogo lililokuwa karibu na hospitali, akawafundisha watoto sala, imani na amri za Mungu. Mara nyingi walizidi 300. Waliomjua wasimulia kwamba alikuwa akipita katika njia za mji akipiga kengele mkononi, akiwaita wazazi wawapeleke watoto na watumwa wao wakafundishwe. Jumapili alitoka nje ya mji kuwasomea misa watu wenye ukoma. Baada ya chakula cha mchana, Jumapili na sikukuu, aliwahubiria wenyeji, na kanisa halikuwatosha.

Kwa kweli hakuna jambo la ajabu katika orodha hiyo. Ni hospitali, gereza, watoto, wenye ukoma, na kesho ni yale yale. Mtu aliyetoka katika chuo kikuu cha Paris, aliyewahi kufundisha falsafa huko, sasa apiga kengele njiani kama mchuuzi. Wengi wetu tukipelekwa kituo kipya tunangoja kwanza tupewe kazi inayolingana na vyeti vyetu.

Mwishoni mwa mwaka 1542 alipelekwa kusini, katika pwani ya wazamiaji wa lulu walioitwa Waparava, kuelekea rasi ya Comorin. Hapo shida yake kubwa ilikuwa lugha. Hakujua Kitamil, nao hawakujua lugha yake. Akawakusanya watu waliojua pande zote mbili, na baada ya siku nyingi za taabu wakapata kuzifasiri sala. Akazikariri moyoni kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura, kisha akatoka na kengele yake mara mbili kwa siku kuwafundisha watoto, akiwaagiza wakawafundishe wazazi na majirani. Jumapili alikusanya kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, akasema sala kwa lugha yao, nao wakamfuata neno kwa neno. Siku nyingine, asema, mikono yake ilichoka kwa kubatiza na sauti ikampotea.

Mwaka 1544 wakalimani wake walimwacha kwa sababu za ugonjwa na nyinginezo. Alimwandikia mwenzake Mansilhas, mmoja wa wale walioachwa Msumbiji, kwamba awaze mwenyewe maisha yake yalikuwaje kati ya watu asiofahamiana nao kwa maneno. Lakini akaongeza kwamba kumbatiza mtoto mchanga hakuhitaji mkalimani, na kwamba maskini wanamweleza shida zao bila mkalimani, naye akiwatazama tu anawaelewa. Sina barua nyingine ya mtu wa ugenini inayonigusa kuliko hiyo.

Ingekuwa kosa kumchora mtu huyu kana kwamba hakuwa na doa. Alisafiri katika merikebu za dola, na nguvu ya dola ilimtangulia kila alipokwenda. Mwaka 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba iwekwe Goa mahakama ya kuwahukumu watu kwa ajili ya imani zao. Mahakama hiyo ilianzishwa mwaka 1560, yeye akiwa amekwisha kufa, nayo iliwatesa watu wengi. Jambo hili halifichiki. Wala hakuwa mwepesi kuiheshimu dini ya wenyeji wake, kama zungumzo la Malindi linavyoonyesha.

Lakini pia hakuwasaza wakubwa wa taifa lililomleta. Katika barua ya Januari 1545 alimwonya rafiki yake aliyekuwa Ureno asimruhusu ndugu wala rafiki aje Bara Hindi kushika kazi ya serikali. Alisema kwamba maofisa huko wamejifunza kukigeuza kitenzi cha kuiba katika nyakati zote na hali zote, hata akastaajabia jinsi walivyovumbua namna mpya za kukinyambua. Sisi tulioketi chini ya mwalimu wa sarufi, na baadaye tukaketi maofisini, tunauelewa mzaha huo vizuri, na tunajua si mzaha.

Je, mtu kama huyo alipata wapi nguvu? Yeye mwenyewe angejibu kwamba ni kwa Mungu, na barua zake zimejaa shukrani kwa Mungu. Lakini barua hizo hizo zaonyesha njia nyingine ya faraja, nayo ni njia ya kibinadamu kabisa. Alishikilia wenzake.

Tarehe 15 Januari, 1544, akiwa Cochin, aliwaandikia ndugu zake wa Roma kwamba imepita miaka miwili na miezi 9 tangu atweke kutoka Ureno, na katika muda huo amepokea barua yao moja tu. Iliandikwa Januari 1542. Ilichelewa kwa kuwa merikebu iliyoileta ilikosa majira ikangoja Msumbiji, kama yeye alivyongoja. Msomaji atazame hesabu hiyo. Barua ilikuwa karibu miaka miwili njiani. Mama akiwa mgonjwa wakati wa kuandikwa, alikuwa amekwisha pona au kuzikwa wakati wa kusomwa. Vijana wetu walio Maskati, Dubai na Doha hukasirika simu ikikatika katikati ya salamu.

Xavier hakukasirika. Alisema kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye furaha aliyoipata kwa barua ile moja. Naye aliendelea kuandika kwa wingi, na kila aandikapo ashukuru: wenzake kwa sala zao, wenyeji kwa kumkaribisha, watoto kwa bidii yao ya kujifunza, hata wagonjwa.

Mwaka 1546 alikuwa mbali zaidi, kisiwani Ambon, katika visiwa vya karafuu ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Huko, katika barua ya mwezi wa Mei, aliwaeleza ndugu zake jambo alilokuwa amelifanya. Alichukua barua zote walizomwandikia, akakata sehemu zenye majina yao, zile sahihi walizotia kwa mikono yao wenyewe, akazifunga pamoja na karatasi ya nadhiri zake, na sasa anazivaa mwilini daima ili asiwasahau. Akamshukuru Mungu kwa ajili yao, kisha akawashukuru wao kwa faraja anayoipata kwa kuzibeba sahihi zile.

Sahihi! Kwa karani ni kitu cha kila siku. Twazitafuta chini ya karatasi kwa kidole ili tujue kama barua imepitishwa, kisha twaitia jaladani. Mtu huyu alizivaa kama wengine wanavyovaa hirizi.

Kutoka huko alikwenda Japani mwaka 1549, akajifunza kwa shida lugha ya tatu, akarudi, kisha akataka kuingia Uchina. Hakufika. Aliugua katika kisiwa cha Shangchuan, akiwa aitazama pwani ya Uchina, akingoja mfanya biashara aliyeahidi kumvusha na asitokee. Akafa tarehe 3 Desemba, 1552, umri wake miaka 46, na aliyekuwa karibu naye ni kijana mmoja Mchina aliyekuwa mtumishi na mkalimani wake. Mwili wake ulipelekwa Goa, uko huko mpaka leo. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1622, siku moja na rafiki yake Ignatius.

Tarehe 28 Juni, 1553, Ignatius, hali hana habari, aliketi Roma akamwandikia Xavier barua ya kumwita arudi Ulaya. Ilitiwa sahihi, ikafungwa, ikapelekwa merikebuni.